Mto Senne: Jinsi Brussels ilivyojifunza kuyasafisha majitaka yake

Mji wa Brussels ni mahala ambapo sheria nyingi za mazingira za Umoja wa Ulaya hujadiliwa na kupitishwa. Hata hivyo, hadi mwaka 2000 mji huo wenyewe ulikuwa ukiyamwaga majitaka ya wakazi wake katika mto Senne bila ya kuyasafisha.

Kituo cha kwanza cha kusafishia majitaka kilifunguliwa kusini mwa mji mwezi Agosti mwaka huo. Cha pili, kilicho kikubwa zaidi, kilianza kazi upande wa kaskazini mwaka 2007. Ndipo mto uliohesabiwa kwa muda mrefu kuwa umekufa ulipoanza kupata tena samaki.

Kisa cha Senne kinauhusu kila mji na kila kijiji kilicho kando ya maji, kiwe Ulaya au Afrika Mashariki. Mtambo wa majitaka humlinda kwanza jirani anayeishi upande wa chini wa mto, na baadaye ndiyo aliyeujenga. Hapo ndipo ulipo ugumu wake: mwenye kulipa ni mmoja, na mwenye kunufaika kwanza ni mwingine.

Mto uliofichwa chini ya mji

Mto Senne, ambao wasemao Kiholanzi huuita Zenne, una urefu wa takriban kilomita 100. Chanzo chake kiko karibu na mji wa Soignies, katika jimbo la Wallonia ambako watu husema Kifaransa. Hupita sehemu ya jimbo la Flandria, hupita Brussels, huingia tena Flandria, kisha huungana na mto Dijle karibu na Mechelen. Maji yake huendelea hadi mto Rupel, halafu mto Scheldt unaopita Antwerp, na mwisho humwagika katika Bahari ya Kaskazini.

Kwa hiyo mto huu mdogo hupita katika majimbo yote matatu ya Ubelgiji, na kila jimbo lina serikali yake na madaraka yake juu ya mazingira.

Brussels yenyewe ilizaliwa juu ya visiwa vya mto huo. Kwa karne nyingi Senne uliendesha vinu vya kusagia nafaka, ukawapa maji watengenezaji wa bia, wafumaji na watengenezaji wa ngozi, na wakati huo huo ukapokea taka zao. Maadamu mji ulikuwa mdogo, mto uliuhimili mzigo huo.

Katika karne ya 19 viwanda viliongezeka na watu wakazidi kuwa wengi, na mto ukageuka kuwa mtaro wazi. Wakati wa kiangazi ulinuka. Wakati wa mvua kubwa ulifurika na kuingia katika nyumba za maskini waliokaa bondeni. Mwaka 1866 ugonjwa wa kipindupindu uliwaua maelfu ya watu mjini humo.

Meya wa wakati huo, Jules Anspach, aliamua kuufunika. Kwa mpango uliochorwa na msanifu wa majengo Léon Suys, kati ya mwaka 1867 na 1871 mto uliingizwa katika mahandaki ya matofali. Nyumba za kandokando zilibomolewa, na mahala pake zikajengwa barabara pana zilizofanana na zile za Paris. Moja ya barabara hizo ina jina la meya huyo hadi leo.

Sambamba na mto uliofunikwa yalijengwa mabomba makuu ya kuyakusanya majitaka na kuyatoa nje ya mji. Kwa wakazi wa katikati ya Brussels hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Lakini majitaka yenyewe hayakusafishwa. Yaliondolewa tu mbele ya macho na pua za wenye mji, yakamwagwa mtoni upande wa chini, kuelekea Vilvoorde na Mechelen. Mzigo ulitolewa kwa mtu mmoja ukatwikwa mwingine.

Katika karne ya 20 mto ulihamishwa tena, ukapitishwa katika mahandaki mapya chini ya barabara zinazouzunguka mji wa kale. Mahandaki ya zamani nayo yalipata kazi nyingine: tangu mwaka 1976 tramu za chini ya ardhi hupita humo. Katika eneo la Porte d'Anderlecht kuna makumbusho ambako mgeni anaweza kuteremka chini ya barabara na kuyaona mabomba ya majitaka pamoja na mto wenyewe ukipita gizani.

Kwa nini majitaka huua mto

Wengi hudhani kwamba majitaka ya majumbani huwaua samaki kwa sumu. Mara nyingi sivyo. Samaki hufa kwa kukosa pumzi.

Kinyesi, mabaki ya chakula na mafuta ya kupikia ni chakula cha bakteria. Bakteria wanapokula, huitumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Na oksijeni hiyo ni kidogo sana: lita moja ya maji ya mto yenye joto la nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya miligramu 9 hivi.

Lita moja ya majitaka ya majumbani, kwa upande wake, kwa kawaida huhitaji miligramu 200 hadi 400 za oksijeni katika siku tano za mwanzo za kuoza kwake. Tukichukua miligramu 300, hesabu ni nyepesi. Lita moja ya majitaka yaweza kuimaliza oksijeni yote iliyomo katika lita 33 za maji safi ya mto.

Mto mkubwa wenye maporomoko hujipatia hewa mpya njiani, na huweza kuustahimili uchafu kiasi. Senne si mto wa namna hiyo. Ni mto mdogo, wenye mwendo wa polepole, usiopata jua katika sehemu kubwa ya safari yake ndani ya mji, na ulipokea majitaka ya watu wapatao milioni moja pamoja na ya viwanda. Oksijeni ilipokwisha walibaki bakteria wasiohitaji hewa, ambao hutoa gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza.

Madhara ya pili hutokana na naitrojeni na fosforasi zilizomo katika mkojo, kinyesi na baadhi ya sabuni. Hizo ni mbolea. Zikiingia ziwani au baharini hulisha mwani na magugu. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Viktoria hawahitaji kuelezwa zaidi, kwani wameona jinsi gugu maji lilivyofunga njia za mitumbwi na kuziba mialo ya samaki. Maji ya Scheldt nayo hupeleka mbolea ya aina hiyo katika Bahari ya Kaskazini.

Madhara ya tatu ni vijidudu vya maradhi, kama vile vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, pamoja na mayai ya minyoo. Hivyo havimdhuru samaki. Humdhuru mtu anayechota maji au anayeoga upande wa chini.

Kazi inayofanywa na mtambo

Mtambo wa majitaka hauna muujiza. Huifanya kazi ile ile ambayo mto hujifanyia wenyewe, ila huifanya ndani ya matangi na kwa saa chache, mahali pa siku nyingi na kilomita nyingi za safari.

Kwanza majitaka hupita katika vyuma vilivyopangwa kama meno ya chanuo. Hapo hunaswa vitambaa, plastiki, vijiti na kila kitu ambacho hakikupaswa kutupwa chooni. Kisha maji hupunguziwa mwendo ili mchanga uzame chini na mafuta yaelee juu, yapate kuenguliwa.

Baada ya hapo maji huingia katika matangi makubwa na kutulia. Uchafu mzito hushuka taratibu na kuwa tope. Mpaka hatua hii, kinachofanya kazi ni uzito tu.

Hatua inayofuata ndiyo moyo wa mtambo. Maji huingia katika matangi yaliyojaa bakteria, na pampu hupuliza hewa kutoka chini. Bakteria hao hawanunuliwi popote, wamo katika majitaka yenyewe. Mtambo huwapa tu wanachokikosa mtoni, yaani hewa ya kutosha. Huula uchafu ulioyeyuka, huongezeka, kisha hushikamana na kuwa madonge madogo yanayoweza kuzama. Njia hiyo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1914 mjini Manchester, Uingereza, na wanakemia Edward Ardern na William Lockett, na hadi leo ndiyo inayotumika zaidi katika miji mikubwa duniani.

Kuiondoa naitrojeni kunahitaji ustadi zaidi. Katika tangi lenye hewa, bakteria wa aina moja huigeuza amonia kuwa naitreti. Katika tangi lisilo na hewa, bakteria wa aina nyingine huigeuza naitreti hiyo kuwa gesi ya naitrojeni, ambayo hupaa bila ya kudhuru, kwani asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni gesi hiyo hiyo. Fosforasi huondolewa kwa kutiwa chumvi za chuma, au kwa bakteria wanaoihifadhi miilini mwao.

Mwisho maji hutulizwa tena, bakteria huzama, na maji meupe yaliyo juu huelekezwa mtoni. Sehemu ya bakteria hurudishwa mwanzo ili waendelee na kazi. Waliozidi huwa tope, ambalo huchachushwa katika matangi yaliyofungwa na kutoa gesi ya methani inayoweza kuzalisha umeme.

Ikumbukwe kwamba maji yatokayo hapo si ya kunywa. Vijidudu hupungua sana, lakini haviishi. Lengo ni kuurudishia mto maji ambayo hayatauibia pumzi.

Ukubwa wa mtambo hupimwa kwa idadi ya watu, na katika sheria za Umoja wa Ulaya mtu mmoja ni sawa na gramu 60 za oksijeni zinazohitajika kwa siku. Viwanda, hoteli na ofisi navyo hugeuzwa kuwa "watu" kwa kipimo hicho. Kituo cha kusini mwa Brussels kilijengwa kwa ajili ya watu 360,000, na kile cha kaskazini kwa ajili ya watu milioni 1.1. Maji ya kuoshea sufuria katika mtaa wa Matonge, maarufu kwa Waafrika wanaoishi Brussels, huteremkia katika mtandao ule ule wa mabomba unaohudumia majengo ya Umoja wa Ulaya yaliyo jirani.

Sheria, mahakama na faini

Kwa nini mji tajiri kama Brussels ulichelewa kiasi hicho? Sababu moja ni kwamba waliokuwa wakiumia walikuwa wakipiga kura katika jimbo jingine.

Ubelgiji ilipogeuka hatua kwa hatua kuwa nchi ya shirikisho, maji na mazingira yalikabidhiwa majimbo. Flandria iliunda shirika lake la kusafisha majitaka, Aquafin, mwaka 1990. Wallonia iliunda la kwake, SPGE, mwaka 1999. Jimbo la Brussels, ambalo lilianzishwa rasmi mwaka 1989, lilirithi mto uliofunikwa na mji usiokuwa na hata mtambo mmoja. Shirika lake la maji, ambalo siku hizi linaitwa Hydria, liliundwa mwaka 2006.

Shinikizo lilitoka kwa Umoja wa Ulaya. Tarehe 21 Mei 1991 umoja huo ulipitisha sheria inayoitaka kila nchi mwanachama kuyakusanya na kuyasafisha majitaka ya miji yake. Maji yanayotoka mtamboni yasihitaji zaidi ya miligramu 25 za oksijeni kwa lita. Kwa miji mikubwa iliyo katika maeneo yanayodhurika kwa urahisi, naitrojeni isizidi miligramu 10 na fosforasi isizidi miligramu 1. Miji ya maeneo hayo yenye zaidi ya watu 10,000 ilipewa muda hadi mwisho wa mwaka 1998.

Muda huo ulipita. Mwaka 2004 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliitia Ubelgiji hatiani. Tarehe 17 Oktoba 2013 mahakama hiyo ilirudi tena, safari hii na adhabu: Ubelgiji ilipe papo hapo euro milioni 10, na euro 859,404 kwa kila miezi sita ambayo ingeendelea kuchelewa. Mwaka 2014 nchi hiyo ilitiwa tena hatiani, sasa kwa ajili ya miji yake midogo.

Hukumu hizo zina maana pana kuliko fedha zenyewe. Mkaazi wa upande wa chini wa mto alikuwa amepata pa kushitakia. Kabla ya hapo hakuwa na njia ya kumlazimisha jirani yake wa juu.

Siku kumi za Desemba 2009

Kuujenga mtambo ni jambo moja, na kuuendesha kila siku ni jambo jingine. Brussels ilikumbushwa hilo mwezi Desemba mwaka 2009.

Kampuni inayokiendesha kituo cha kaskazini, Aquiris, ilikisimamisha kwa takriban siku kumi. Ilieleza kwamba mchanga na takataka zilizokuwa zikiingia kutoka katika mabomba zilikuwa nyingi kupita kiasi na zilihatarisha usalama wa mitambo. Serikali ya jimbo haikukubaliana na uamuzi huo. Wakati pande hizo zikibishana, majitaka ya sehemu kubwa ya mji yalitiririka tena mtoni kama zamani.

Waliopaza sauti zaidi walikuwa wakazi na viongozi wa Flandria, ambao maji hayo yaliwafikia. Katika mto kama Senne madhara hayahitaji miezi kuonekana. Kiumbe anayehitaji oksijeni hawezi kungojea mgogoro wa mkataba umalizike.

Tatizo jingine ni mvua. Kama ilivyo katika miji mingi ya zamani ya Ulaya, mabomba ya Brussels hubeba majitaka na maji ya mvua kwa pamoja. Mvua kubwa inaponyesha, mtambo hauwezi kuyapokea yote, na yanayozidi huachwa yaingie mtoni bila ya kusafishwa. Ndiyo maana mji umechimba matangi makubwa ya kuyahifadhi maji hayo kwa muda. Moja liko chini ya uwanja wa Flagey, huko Ixelles, na lina uwezo wa kuweka mita za ujazo 33,000. Mvua ikiisha, maji hupelekwa mtamboni kidogo kidogo.

Mji mdogo ufanye nini?

Msomaji anaweza kusema kwamba mambo haya ni ya miji yenye fedha. Lakini mto haujui tofauti ya mji mkubwa na kijiji. Senne unapofika Brussels huwa umekwisha kupita katika miji midogo na vijiji vingi vya Wallonia na Flandria, na mtambo wa mji mkuu pekee usingeutosha. Sheria mpya ya majitaka ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa mwezi Novemba 2024 na kuanza kutumika mwezi Januari 2025, imeshusha kiwango hadi kuzihusu jamii za watu 1,000.

Kwa jamii ndogo si lazima kuwa na pampu za hewa na mafundi wa zamu usiku na mchana. Njia iliyo rahisi zaidi ni mabwawa yanayofuatana. Katika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, uchafu mzito hutulia na kuoza. Katika mabwawa yanayofuata, yaliyo mapana na yenye kina kifupi, mwani huota kwa nguvu ya jua na kutoa oksijeni, na bakteria huitumia oksijeni hiyo kuula uchafu uliobaki. Mwani ambao ni adui ziwani hapa huwa mtumishi. Baada ya wiki kadhaa mayai ya minyoo huwa yamezama, na jua huwa limeua sehemu kubwa ya vijidudu.

Njia nyingine ni kuyapitisha maji katika bustani ya kokoto iliyopandwa matete. Bakteria huishi juu ya kokoto na mizizi, na maji hutoka yakiwa yamechujwa. Njia zote mbili hazihitaji umeme mwingi. Zinachohitaji ni ardhi, na katika hali ya hewa ya joto hufanya kazi vizuri zaidi kuliko Ulaya, kwa sababu bakteria hupenda joto.

Afrika Mashariki ina mifano. Huko Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, majitaka ya mji hupelekwa katika mabwawa ya aina hiyo, na maji yatokayo yamekuwa yakitumiwa na wakulima wa mpunga wa upande wa Mabogini. Mbolea ambayo ingelisha magugu mtoni hulisha mpunga shambani. Hata hivyo mabwawa nayo yanataka kutunzwa. Tope lisipozolewa kwa miaka mingi, bwawa hujaa, maji hupita bila ya kupata muda wa kusafika, na mkulima hupokea vijidudu pamoja na mbolea.

Aishiye juu na aishiye chini

Nairobi nayo hutegemea mabwawa, yaliyoko Ruai, katika kituo kijulikanacho kwa jina la Dandora. Lakini si kila nyumba ya mji huo imeunganishwa na bomba la majitaka, na yanayokosa njia huishia katika mto Nairobi. Mto huo huingia mto Athi, ambao upande wa chini huitwa Galana na kisha Sabaki, na kumwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Kinachotupwa mtoni Nairobi huanza safari ya kuelekea pwani.

Katika mji wa Kampala safari hiyo ni fupi mno. Mfereji wa Nakivubo huyachukua maji ya katikati ya mji, hupita katika ardhioevu ya Nakivubo na kuingia katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Katika ghuba hiyo hiyo, huko Ggaba, Shirika la Taifa la Maji la Uganda limekuwa likichota maji ya kunywa ya Kampala kwa miaka mingi. Hapo aishiye juu na aishiye chini ni mtu mmoja. Kadiri ardhioevu, iliyokuwa ikiyachuja maji hayo bila ya malipo, ilivyozidi kupungua kwa kilimo na ujenzi, ndivyo gharama ya kuyasafisha maji ya kunywa ilivyopanda. Uganda imejenga mtambo mpya wa majitaka Bugolobi, na pia imejenga kituo kingine cha maji ya kunywa huko Katosi, mbali na ghuba hiyo.

Ukiilinganisha miji hiyo na Brussels, utaona kwamba tofauti kubwa haiko katika elimu ya kuyasafisha maji. Elimu hiyo inajulikana kwa zaidi ya miaka mia moja, na njia za bei nafuu zipo. Tofauti iko katika maswali matatu: nani analipa, nani anakagua, na aliye chini ana pa kushitakia? Mkaazi wa Brussels hulipa gharama za majitaka ndani ya bili yake ya maji. Maji yatokayo mtamboni hupimwa. Na serikali ikizembea, iko mahakama inayoweza kuitoza faini.

Kazi iliyobaki

Brussels haijamaliza. Mitambo yake haikubuniwa kuondoa mabaki ya dawa za hospitali na majumbani, wala kemikali za vipodozi, ambazo hupita mwilini na kuingia mtoni. Sheria mpya ya mwaka 2024 inaitaka mitambo mikubwa iongeze hatua nyingine ya usafishaji, na inawataka watengenezaji wa dawa na vipodozi wabebe angalau asilimia 80 ya gharama za ziada. Makampuni ya dawa yamekwenda mahakamani kuupinga utaratibu huo. Ugomvi wa nani alipe, ulioanza enzi za meya Anspach, umehamia kwa watu wengine.

Wakati huo huo serikali ya jimbo la Brussels imeandaa mradi wa kuufunua mto katika bustani ya Maximilien, karibu na stesheni ya treni ya Kaskazini. Miaka 30 iliyopita hakuna ambaye angekubali kufunuliwa kwa mtaro ule. Leo jambo hilo linawezekana kwa sababu kituo cha kusini husafisha kabla mto haujaingia katikati ya mji.

Lakini kipimo cha kazi yote hii hakiko katika bustani hiyo. Kiko Vilvoorde, Mechelen na kuendelea, kwa watu wasiolipa bili ya maji ya Brussels na ambao hupokea kila siku kile ambacho mji huo umekubali kukiachia.